Kabla Fundi Hajatoboa Ukuta wa Jiko la Bibi

Uyole, Jumanne mchana

Atupele mwanangu,

Umekwenda mjini kusuka nywele, na baba yako amejinyoosha kidogo kwa sababu kesho alfajiri ndiye atakayekupeleka stendi. Nyumba imetulia. Nimeona nikuandikie sasa hivi, maana nikisubiri hadi uwe unafunga mabegi nitaishia kukuuliza kama umeweka sweta. Sweta utaweka. Baridi ya Iringa unaijua. Habari za kula, kulala na kuchagua marafiki sitaziandika. Kama hazikukuingia miaka yote uliyokaa hapa, karatasi haitaziingiza.

Nataka kukuandikia habari za jiko la bibi yako.

Juzi ulinionyesha ule mchoro ulio kwenye simu yako. Sinki huku, friji kule, jiko la umeme karibu na dirisha, na soketi umezitia alama nyekundu. Uliniuliza, "Mama, unaonaje?" Nikasema, "Pazuri." Nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa, nikajibu ili uondoke. Leo nakujibu vizuri.

Utakaa Mlandege kwa bibi, na ukoo umekubaliana jiko lake litengenezwe kabla macho yake hayajaisha kabisa. Unajua jiko lile halina umeme. Sebuleni taa ipo, vyumbani ipo, hata choo cha nje kina balbu. Jikoni hakuna. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini bibi anapika huku tochi imening'inia msumarini, nikakwambia bibi ni mtu wa zamani. Lile halikuwa jibu. Bibi yako alikuwa na umeme jikoni kabla yetu sisi. Aliukata mwenyewe, aliporudi kutoka hapa kwetu. Unajua kwamba aliungua vidole hapa Uyole. Namna ilivyokuwa hujui, na huwezi kwenda kutoboa ukuta wake bila kujua.

Jiko letu la ndani tulilijenga ukiwa unaanza shule. Kabla ya hapo tulipikia nje, kwenye kibanda cha mabati, na mvua za huku ulikuwa unaona mwenyewe: kuni zinalia, mboga inanuka moshi, mpishi anatoka macho mekundu kama aliyefiwa. Baba yako alikuwa na lori la mizigo, siku nyingi alikuwa njiani kuliko nyumbani. Alirudi kutoka safari moja akakuta waashi wamebomoa ukuta wa stoo na kuunganisha na koridoo, chumba kimekuwa kikubwa, kuta ziko wazi zinasubiri waya. Akamwita fundi umeme, Anyisile, mtu wa hapahapa Uyole. Fundi akaingia, akatazama kuta, akauliza, "Soketi mnataka wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama na ungo wa mchele mkononi. Baba yako ndiye aliyejibu.

"Weka mbili hapa, karibu na mlango wa sebuleni. Friji litakaa hapa."

"Na upande wa dirisha?"

"Dirishani litakaa kabati. Hapana haja."

Fundi akanigeukia mimi. "Mama Atu unasemaje?"

Nikasema, "Baba Atu ameshasema."

Unaona, mwanangu, niliulizwa. Watu wakisimulia habari kama hizi husema mwanamke hakuulizwa. Mimi niliulizwa mbele ya watu, na nilikuwa najua kwamba mkate haukandwi mlangoni, nikaona ni jambo dogo, tena mwenye nyumba amerudi jana tu na kesho anaondoka, ya nini kubishana. Naye friji alilitaka pale kwa sababu lilikuwa jipya, na mgeni akikaa kwenye kochi angeliona. Simcheki kwa hilo. Mtu aliyelala kwenye lori kwa ajili ya friji ana haki ya kutaka lionekane.

Kabati la dirishani halikuja. Kila tulipotaka kulitengeneza, lilitokea jambo jingine. Nikaweka meza pale, kwa sababu pale ndipo penye mwanga. Ndipo nikaanza keki. Kwanza keki za kipaimara za hapa jirani, baadaye za harusi. Tukapata oveni ya mtumba, ile kubwa ya juu ya meza, ikakaa hapo hapo dirishani.

Sasa oveni iko dirishani na soketi ziko mlangoni, tena moja imechukuliwa na friji na ya pili na birika. Baba yako akanunua ekstensheni. Ilitokea sebuleni, nyuma ya kochi, ikapita chini ya mlango, ikafuata ukuta mpaka mezani. Ndani yake ilikuwa na nyaya mbili tu. Oveni ile ilitaka tatu. Ule wa tatu, wa kijani na njano, kazi yake ni kuuchukua umeme uliotoroka mahali pake na kuupeleka ardhini, usimpitie mtu. Sisi tuliona taa ya oveni imewaka, keki imeumuka, tukamshukuru Mungu.

Baada ya muda ikaanza kutekenya. Ukigusa mlango wake unasikia kama sisimizi wanapanda kidoleni. Siku ya kwanza nilipiga kelele, "Mwe! Hii kitu inang'ata!" Baba yako akaja akaigusa, hakusikia kitu. Akatazama miguu yake, akatazama ya kwangu. Yeye alikuwa amevaa ndala, mimi nilikuwa peku.

"Basi uwe unavaa ndala," akasema.

Nikavaa. Tukanunua nyingine tukazipanga mlangoni kwa jikoni, na wewe ukapewa za kwako ndogo za pinki. Ikawa sheria ya nyumba: huingii jikoni bila ndala. Ulikuwa unawafundisha hata watoto wa jirani. Tulikaa hivyo muda mrefu sana, wala hakuna aliyelala akiwaza. Ubovu ulishapata jina la utaratibu.

Halafu nikajifungua Lusajo, na bibi yako akaja kutoka Iringa kunitunza.

Unamjua bibi. Aliingia na vikapu vyake viwili vya milulu, zile nyasi za kusukia, kimoja kimejaa karanga na kingine maharage, na kabla hajamaliza kunywa chai alikuwa ameshamwogesha mtoto. Wakati ule alikuwa anasuka bado. Akikaa kidogo tu, mkono unatafuta ukindu, kikapu kinaota mbele yako huku anakusimulia habari za watu wa Mlandege. Vile vikapu vyenye mistari ya zambarau vilivyo ukutani kwetu ni vya wakati huo.

Siku ile baba yako alikuwa Nyololo anapakia mbao. Wewe ulikuwa shule. Mimi nilikuwa na keki ya watu kwenye oveni, na Lusajo akaamka akilia. Nikaingia chumbani kumnyonyesha. Bibi alikuwa ametoka kudeki jikoni, nikamsikia anakamua tambara. Nikaita, "Mama, naomba uniangalizie keki kama imeiva."

"Haya, kaa na mtoto," akasema.

Sikusikia kelele. Hilo ndilo watu hawaamini nikiwaambia. Nilisikia bati la keki linagongagonga, taratibu, kama mtu anayecheza na kijiko. Nikadhani anaitoa. Likaendelea kugonga. Nikamlaza mtoto kitandani nikaenda.

Alikuwa amesimama peku kwenye sakafu iliyolowa, mkono wa kulia umeshika mpini wa oveni, na hauachii. Mwili wote unatetemeka, mdomo uko wazi, sauti haitoki. Macho yalikuwa yananitazama mimi.

Nilitaka kumshika. Kitu kimoja tu kilinizuia: nilikuwa nimewahi kusikia kwamba mtu aliyeshikwa na umeme hashikwi. Nikakimbilia plagi, na plagi ilikuwa sebuleni, nyuma ya kochi. Kochi lile zito unalijua. Nililisukuma halikwenda. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono chini, nikavuta waya mpaka ukachomoka. Jikoni nikasikia kishindo.

Bibi yako alipona. Waliomtibu walisema moyo wake ni wa mtu aliyelima milimani. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua mpaka ndani, na vilipopona havikukunja tena. Vidole vile ndivyo vinavyoshika ukindu.

Baba yako aliliacha lori Nyololo akaja kwa basi. Tulimtoa mama yake hospitali siku iliyofuata, tukamleta nyumbani. Alipofika mlangoni kwa jikoni akasimama, akatazama chini.

"Hizi ndala ni za nini hapa?"

Baba yako alitazama ukuta.

"Nilidhani mmezitenga kwa usafi," akasema. "Nikaona nisizichafue. Nilikuwa naziruka."

Alikaa hadi mkono ulipoanza kukauka, akamwogesha Lusajo kwa mkono wa kushoto, akaondoka. Alipofika kwake alimwita baba yako mdogo, akamwambia akate waya wa jikoni.

Sikuandikii haya ili ulie. Mimi mwenyewe nilishalia, na kulia hakukurekebisha waya hata mmoja. Nakuandikia kwa sababu kuna lililofuata, nalo ndilo la mchoro wako.

Jiko tulilikalia hivyohivyo bila kuligusa, oveni imetolewa nje, tunapikia mkaa barazani. Siku moja ya Jumapili, tumetoka kanisani, baba yako akaingia jikoni na kigoda, akakaa katikati ya chumba. Mkononi alikuwa na chaki.

"Pika," akaniambia.

"Nipike nini?"

"Chochote. Pika kama siku zote."

"Na moto uko barazani?"

"Mama Atu, wewe pika tu."

Nilijiona mjinga. Nikaanza na chai, maana asubuhi yoyote huanza na chai. Nikachukua birika ambalo halipo, nikalijaza maji, nikageuka kuliweka. Nikaliweka upande wa kushoto wa sinki, mbali kidogo na maji. Akainuka akachora msalaba ukutani. Nikakata vitunguu. Akauliza, "Mbona umehama?" Nikamwambia hapa kivuli changu kinaanguka juu ya kisu. Akatazama juu, akachora mahali pa taa, tofauti kabisa na pale katikati ya dari ilipokuwa. Nikapiga keki, mashine ya kuchanganyia mkono wa kulia, bakuli la kushoto, na waya wa mashine ukawa unanipita kifuani. Akasema, "Hapana, hapo utajinyonga," tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya chumba kile tangu siku ile. Nilipomaliza, ukuta wa dirishani ulikuwa umejaa misalaba, na mlangoni kwa friji hapakuwa na hata mmoja.

Akakaa tena kwenye kigoda, akasema, "Kumbe hapa ndipo unapokaa siku nzima."

Tulimrudisha Anyisile na akafanya kazi ya maana. Oveni ikapata waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye boksi kuu, usiochangia na kitu. Friji likapata wake. Nje ya ukuta akachimbia ile fimbo ya shaba, waya wa tatu ukafika kila soketi. Akaweka na kile kifaa kwenye boksi kinachokata umeme wenyewe ukianza kutoroka. Ndala tulizitoa mlangoni. Oveni ile ya mtumba baba yako aliipasua kwa nyundo, asije akapewa mtu mwingine.

Sasa mchoro wako. Umeweka soketi moja nyuma ya sinki. Iondoe pale, maji na umeme visalimiane kwa mbali. Umeweka jiko la umeme na friji kwenye mstari mmoja. Mwambie fundi kila kimoja kiwe na njia yake. Soketi zako nyingine umezichora karibu na sakafu, kama za sebuleni. Bibi hawezi kuinama, na wewe siku moja utakuwa na mtoto anayetambaa. Zipande juu ya meza, mahali mkono unapofika bila kuinama. Weka nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu ekstensheni huingia nyumbani pale soketi ilipokosekana, na ikishaingia haitoki. Nyumba ile ni ya zamani, hivyo kabla ya yote fundi apime kama hiyo fimbo ya ardhini ipo na inafanya kazi. Asikwambie "ipo" kwa mdomo. Apime na wewe ukiona.

Na fundi akikuuliza unataka wapi, hata kama amesimama baba yako mdogo, hata kama amesimama mume wako wa baadaye, jibu. Usiseme ameshasema.

Mwezi uliopita nilipokwenda Iringa nilikwambia nakwenda msibani. Msiba ulikuwepo, lakini baada ya maziko nilipanda Mlandege. Nilimkuta bibi yako amekaa uani, anachambua maharage juani, anayasogeza karibu na uso kama anayanusa.

"Kamwene, mama," nikamwamkia.

"Kamwene, Mama Atu. Karibu unisaidie. Siku hizi nawalisha watu mawe."

Nikakaa nikachambua naye. Nikamweleza kwamba umepata kazi, utakuja kukaa naye, na kwamba wanawe wote wanataka jiko liwe na umeme. Nikamwambia, kama anaogopa, hakuna atakayemlazimisha.

"Naogopa nini? Chumbani si nalala na taa?" Akapuliza makapi. "Umeme siuogopi. Ninachoogopa ni nyumba ambayo wote mnajua kuna kitu, halafu mgeni hajui."

Mkono wangu ulisimama kwenye ungo. Yeye aliendelea kuchambua. Nikasema, "Mama, ni kweli. Tulijua." Miaka yote hii nilikuwa nimemwambia pole. Hilo nilikuwa sijamwambia.

"Najua mlijua," akasema. "Ndala hazijipangi."

Tulipomaliza maharage akainuka, akaniongoza jikoni. Mle ndani ni giza hata mchana, dirisha ni dogo. Akaenda mle kama mtu mwenye macho yake yote: chungu hiki, chumvi hii, maji haya. Akanieleza masharti yake, nami nakufikishia kama alivyoyasema. Kwanza, usije na fundi. Uje wewe, upike naye mle gizani mpaka ujue anavyokwenda, ndipo umwite fundi. Pili, atakachojua mmoja kuhusu jiko lile wajue wote, hata mgeni wa siku moja. Tatu, kuwe na swichi moja ya kuzima jiko zima, na isiwe sebuleni wala nyuma ya kochi la mtu.

"Iwe wapi, mama?"

Akarudi mpaka mlangoni, akatoka nje, akaingia tena kama anayekuja kupika. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaugusa ukuta bila kutafuta.

"Hapa."

Kiganja kilikuwa na masizi ya chungu, kikaacha alama. Ukifika utaiona, upande wa kushoto ukiingia. Usipake rangi wala usisugue kabla fundi hajaiona.

Siku kazi ikiisha, usiwashe wewe. Fundi naye atataka kuwasha aonyeshe kazi yake, mwombe asubiri. Msimame nje ya mlango, bibi aingie mbele. Akiwasha, sawa. Akisema bado, msimsukume na wala msimcheke. Ingieni mpike hivyohivyo, na kesho yake mpike tena, hadi siku atakayonyoosha mkono mwenyewe.

Nasikia geti, nadhani ni wewe. Nenda salama, mwanangu, na umsalimie bibi kabla hujafungua begi.

Mama yako